Kamera au ada? Hesabu ya kijana anayetaka kuishi kwa picha

Dar es Salaam. Ni saa tano usiku katika ukumbi mmoja wa Sinza. Bibi harusi ameshika kisu cha keki, MC anahesabu, na nusu ya wageni wamesimama wakiwa wameinua simu. Binti wa miaka 21 aliye nyuma ya mpigapicha haitazami keki. Ameinua stendi ya taa, na macho yake yako ukutani, kwa sababu ukuta ule una vioo na mwanga ukielekea huko utarudi moja kwa moja kwenye lenzi. Anasogea hatua moja kushoto kabla ya kuambiwa. Mpigapicha hageuki hata kumtazama; anajua taa imekaa mahali pake.

Kazi hiyo inampa nauli, sahani ya chakula cha ukumbini na kiasi kidogo cha fedha anachopewa mkononi sherehe ikiisha. Amemaliza kidato cha sita. Nyumbani kwao Mbagala, mama yake anauza vitafunwa, na kikoba chao kilipovunjwa Desemba mgao wake ulifika Sh1.8 milioni. Fedha hiyo binti ametengewa yeye, aanzie maisha. Ameomba jina lake lisiandikwe, kwa kuwa wazee wake bado hawajakubaliana.

Baba anataka aende chuo, apate cheti kinachoweza kuwekwa kwenye bahasha ya maombi ya kazi. Mjomba anaona chuo ni kupoteza muda. Fedha ile inunue kamera, na Jumamosi ijayo mtoto awe kazini kwa jina lake mwenyewe. Mama hajachagua upande. Ana swali moja, na kila anayemjibu hulizunguka.

"Fedha hii ikiisha, itarudi lini?"

Swali la mama huyu liko katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa na Kampala, kila palipo na kijana mwenye jicho zuri na mfuko mwembamba. Wakubwa humjibu kijana kwa methali, kwamba penye nia pana njia. Nia anayo tayari. Anachohitaji ni kuhesabiwa.

Vijana wawili wa Nairobi

Ubishi wa baba na mjomba una mizizi mirefu katika pwani hii. Upigaji picha ulishika hapa kama kazi ya nyumba. Mjini Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na baadaye mwanawe Rohit akaishika. Darasa la mtoto lilikuwa kaunta ya baba na chumba cha giza. Lamu, Omar Said Bakor alijifunza mwenyewe hadi akajulikana kwa picha zake za kuunganisha. Miaka ya 1990, kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, wapigapicha wa vibandani walitundika mapazia yaliyochorwa kwa rangi kali, na abiria wakapigwa picha mbele yake. Vijana wengi walishika kamera kwanza kwa kutumwa na mwenye kibanda.

Lakini wanaotajwa sana vijana wanapobishana juu ya chuo ni watu wakubwa zaidi, na wawili kati yao walizaliwa mji mmoja.

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na sehemu ya utoto wake aliipitisha Dar es Salaam. Alianza na Box Brownie ya mtumba, kamera ya boksi isiyo na mambo mengi. Mwaka 1963, umri wake haujavuka miaka 20, alianzisha kampuni ya Camerapix hapahapa Dar es Salaam. Oktoba 1984 picha alizochukua Korem, Ethiopia, zilirushwa na BBC, na dunia iliyokuwa haijali ikaanza kuchangia wenye njaa. Hakupitia chuo cha picha.

Priya Ramrakha alimtangulia kwa miaka minane. Alizaliwa Nairobi mwaka 1935, akaenda Los Angeles kusoma katika chuo cha Art Center baada ya kushikwa mkono na Eliot Elisofon, mpigapicha wa jarida la Life. Akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupata kazi katika majarida ya Time na Life. Aliuawa mwaka 1968 nchini Nigeria akiwa kwenye vita vya Biafra.

Mjomba atamtaja Amin, baba atamtaja Ramrakha, na kikao kitaishia hapo. Ukisoma maisha yao kwa utulivu unakuta jambo ambalo wote wawili walikuwa nalo kabla hawajawa wakubwa. Amin alikuwa na klabu ya picha shuleni, Dar es Salaam, iliyompa nafasi ya kufanya mazoezi kwa vifaa ambavyo kwao wasingeweza kuvinunua. Ramrakha alikuwa na gazeti la Colonial Times, mali ya mjomba wake, G. L. Vidyarthi, na picha zake zilichapishwa humo kabla hajapanda ndege kwenda Marekani.

Walichokuwa nacho wote wawili ni mahali pa kukosea bila kulipia kila kosa, na mahali pa kupeleka picha zikaonekana.

Hivyo ndivyo vitu viwili ambavyo fedha ya kijana wa Mbagala inapaswa kununua. Chuo kikivitoa, ni chuo kizuri. Kisipovitoa, cheti chake ni karatasi, hata kama ukumbi wa mahafali umepambwa. Na kipimo hichohicho kimguse mjomba: kamera mpya mikononi mwa mtu asiye na pa kuzipeleka picha itamnufaisha muuza duka peke yake.

Chuo kinauza nini

Wapo wanaofaidika na chuo, na ni vyema kuwasema wazi. Wa kwanza ni anayetaka kuajiriwa. Halmashauri, wizara na mashirika ya umma huajiri maofisa habari, na nafasi hizo hudai stashahada au shahada. Hakuna kamati ya ajira itakayofungua simu ya mwombaji ikague picha za harusi. Anayetaka njia hiyo asome uandishi wa habari au mawasiliano ya umma, upigaji picha ukiwa ndani yake, na aende mahali panapotambulika.

Njia hiyo ina faida nyingine ambayo familia zenye kipato kidogo huisahau. Shahada ya uandishi inaweza kuombewa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kozi ya miezi sita ya picha katika chuo binafsi haina dirisha hilo. Hata mwaka wa masomo 2023/24, mikopo ilipofunguliwa kwa ngazi ya stashahada, waliopewa kipaumbele walikuwa wanafunzi wa fani kama afya, ualimu, uchukuzi, nishati, madini na kilimo. Maana yake ni kwamba ada ya kozi ya picha itatoka kwenye kikoba cha mama, taslimu, na mkopo wa shahada nao una deni lake: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi amalize.

Wa pili anayefaidika ni kijana asiyejua kabisa aanzie wapi na asiye na mtu wa kumfungulia mlango. Chuo kitampa kompyuta ya kuhariria, mwalimu wa kumkosoa na wenzake watakaomwita kazini miaka mitano baadaye. Hao wenzake mara nyingi ndio faida kuliko silabasi yenyewe.

Mfano ninaouheshimu uko Johannesburg. Mwaka 1989, ubaguzi wa rangi ungali sheria nchini Afrika Kusini, mpigapicha David Goldblatt alianzisha Market Photo Workshop ili watu waliofungiwa milango wapate kujifunza. Zanele Muholi, ambaye picha zake leo zinatundikwa katika makumbusho makubwa duniani, alipita hapo. Mlango ule uliwekwa chini makusudi ili asiye nacho aingie. Afrika Mashariki inahitaji shule ya aina hiyo, na inauma kuona fedha za wafadhili zikimalizikia kwenye semina za siku mbili hotelini.

Upande wa pili wa shilingi hii pia uko wazi. Brooks Institute ya California, shule ya picha iliyoanza mwaka 1945 na kusifika dunia nzima, ilifunga milango mwaka 2016. Mwaka 2013 gazeti la Chicago Sun-Times liliwaachisha kazi wapigapicha wake wote 28 kwa siku moja. Kamera za dijitali zilizotoka viwandani mwaka 2010 zilifika milioni 121. Mwaka 2023 hazikufika milioni nane. Simu ndizo zilizochukua nafasi yake.

Hapa kwetu athari imeanzia chini kabisa. Studio ya mtaa iliyokuwa ikilipa pango kwa paspoti saizi imebaki na wateja wachache, na kitambulisho cha taifa cha NIDA picha yake hupigwa palepale ofisini. Kazi iliyobaki ni ile ambayo simu ya shangazi haiiwezi: mwanga mgumu, ukumbi wa giza, bidhaa ya dukani inayotakiwa ing'ae, sherehe isiyorudiwa.

Mtaa unafundisha, na mtaa unanyonya

Mwezi wa kwanza unabeba mabegi. Baadaye unashika taa. Ukiaminika unapewa kamera ya pili, usimame kona ya nyuma upige wageni. Ukifika hapo unajua mambo ambayo kitabu hakina nafasi nayo: kwamba ndafu ikiingia umati utakuziba, kwa hiyo uwe umeshapanda kwenye kiti; kwamba mama wa bwana harusi apigwe picha mapema kabla hajalia; kwamba MC akikukubali usiku wote utakuwa mwepesi. Yule binti wa Sinza alijua habari ya vioo kwa sababu aliwahi kuona picha za sherehe nzima zikiharibika kwa ajili ya ukuta.

Elimu hiyo ni ya kweli, na inalipa hata nauli. Lakini uanagenzi wetu una ugonjwa wake, na wenye studio wakubali kuambiwa.

Hakuna mkataba. Hakuna tarehe ya kumaliza. Kijana anakaa miaka mitatu akiitwa msaidizi, huku picha anazopiga zikiwekwa kwenye ukurasa wa studio kwa jina la bosi. Siku akitaka kujitegemea hana hata picha moja ya kumwonyesha mteja. Amepewa mahali pa kukosea, akanyimwa mahali pa kuonekana, na bila hicho cha pili hatoki.

Kabla hujabeba begi la mtu, mwafikiane kwa maandishi: ni picha zipi utaruhusiwa kuzionyesha kama kazi yako.

Ukurasa mmoja wa karatasi unatosha, wenye majina, malipo ya siku na muda. Mwenye studio anayekataa kuandika ukurasa mmoja atakataa na mengine.

Kwa msichana kuna la zaidi, na hapa hofu ya baba ina msingi kuliko mjomba anavyodhani. Sherehe huisha saa saba au nane usiku. Vifaa hupakiwa kwenye gari la studio, msaidizi hutafuta bodaboda. Wasichana walioiacha kazi hii wanazungumza juu ya bosi anayetaka kulipwa kwa njia nyingine, ya wageni waliolewa, ya kuambiwa alale studio kwa kuwa asubuhi kuna kazi. Chuo chenye masomo ya mchana, mwalimu anayejulikana na ofisi ya kulalamikia ni kinga ya kweli. Kwa msichana asiye na studio ya kuaminika karibu, ada inaweza kuwa fedha iliyotumika vizuri hata kama mtaa ungemfundisha haraka zaidi. Ipo njia ya kati pia: kutafuta mpigapicha mwanamke, au kuanza na kazi za mchana kama mahafali, ubarikio, kipaimara, picha za chakula na bidhaa za wauzaji wa mitandaoni.

Hesabu ya mwaka mzima

Turudi kwenye ile Sh1.8 milioni. Mjomba huhesabu kamera peke yake. Kamera inataka betri ya pili, kadi mbili za kumbukumbu ili moja ikigoma harusi ya watu isipotee, flashi, diski ya nje ya kuhifadhia, na kompyuta isiyokwama. Inataka bando la kutuma picha na nauli ya usiku. Anayemaliza fedha yote kwenye kamera ataazima kila kilichobaki, na mwenye kuazimwa ndiye atakayepanga bei.

Kamera ya mtumba inafaa kabisa kuanzia, ukijua cha kuuliza. Ndani yake kuna shata, kipazia kinachofunguka na kufunga kila unapobofya, na kina umri wake. Canon 5D Mark III, ambayo bado inazunguka sana mitaani, ilitajwa na watengenezaji kuhimili mibofyo 150,000. Harusi moja inaweza kula mibofyo 2,000. Iliyofanya harusi sitini imeshamaliza 120,000, hata kama mwili wake umefutwa unang'aa. Mwombe muuzaji akuonyeshe idadi ya mibofyo kwenye kompyuta. Akikwepa, nenda duka la pili. Fedha inayobaki iende kwenye lenzi ya milimita 50 yenye tundu kubwa. Canon ilipoitoa yake mpya mwaka 2015 bei yake Marekani ilikuwa dola 125, na mpaka leo aina hiyo ndiyo njia ya bei nafuu ya kupiga ukumbini bila kutegemea flashi kila saa.

Kisha kuna kalenda, ambayo huwaangusha wengi. Desemba wapigapicha hawalali: Moshi, Bukoba na Mbeya watu wamerudi nyumbani, ndoa na ubarikio vinafuatana. Halafu inakuja Kwaresima, makanisa mengi hayafungi ndoa. Inakuja Ramadhani, na upande wa Waislamu nao unatulia. Mwaka 2025 vyote viwili vilianza ndani ya wiki moja, na mwaka 2026 pia vikaangukiana. Kwa aliyepanga chumba cha studio, hiyo ni miezi miwili ya pango bila harusi. Mwenye uzoefu huijua miezi hiyo na kujaza picha za shule, bidhaa na nyumba za kupangisha. Aliyenunua kamera Januari kwa fedha yake yote hukutana nayo Machi, na mwezi huo ndio kamera nyingi za mtumba hurudi sokoni.

Swali la mama kuhusu fedha kurudi linajibiwa na kalenda hii. Haiwezi kurudi ndani ya miezi mitatu. Kijana apange kuishi msimu mmoja mzima kwa kazi ya mtu mwingine kabla hajanunua chochote kikubwa, ili ajue kwa macho yake ni miezi ipi inalisha na ipi inafunga mkanda.

Linalonitisha kuliko yote ni kijana anayekimbilia mkopo wa kausha damu ili apate kamera kabla ya Desemba. Riba za wakopeshaji hao huhesabiwa kwa wiki, na harusi hazilipwi kwa wiki. Kamati hutoa kianzio, salio husubiri michango ya mwisho, na wakati mwingine kamati huvunjwa kabla halijalipwa. Kwa wanaoweza kuungana, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Hutolewa kwa vikundi. Wapigapicha wengi vijana huiona kuwa ya wafuga kuku na waendesha bodaboda, ilhali kikundi chenye kamera mbili, taa na kompyuta ya pamoja ni mradi unaoeleweka na ofisa maendeleo yeyote wa kata.

Sheria imeingia ukumbini

Kuna somo moja ambalo mtaa haulifundishi kabisa, na kwa hilo niko upande wa baba. Septemba 2023 ofisi ya ulinzi wa data nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni za Kenya kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe Sh1.85 milioni kwa picha ya mteja wake. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kijana anayepiga picha za mahafali ya chekechea na kuzitundika mtandaoni jioni hiyohiyo yuko katikati ya jambo hilo, na mara nyingi hajui.

Mikataba, hakimiliki, idhini, kupanga bei, kutunza kumbukumbu za kodi: hayo ndiyo ambayo ada inapaswa kuyanunua, kwa kipimo kidogo, baada ya msimu wa kwanza. Vyuo vingewasaidia sana vijana hawa kwa kuyauza vipandevipande, Jumamosi nne za mwanga, Jumamosi nne za biashara na sheria, badala ya kumlazimisha kila mtu anunue mwaka mzima ambao nusu yake ameshajifunza ukumbini.

Anayeamua kwenda chuo asikubali kulipa siku ya kwanza. Aangalie kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Aombe kuona kamera zenyewe, na aulize ni wanafunzi wangapi wanagawana moja. Aulize mwalimu alipiga kazi ya kulipwa lini mara ya mwisho. Kisha aombe namba za simu za watu wawili waliomaliza mwaka juzi, awapigie yeye mwenyewe, awaulize kodi ya nyumba mwezi uliopita waliilipa kwa fedha ya picha au kwa fedha gani.